Maswali Yenu: Kuandika Maisha ya Bibi Aliye Makaoni

SWALI: Nahudumu kwenye makao ya wazee hapa Malindi. Tuna bibi wa Kiamu, yaani mtu wa Amu (Lamu), ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1942, naye mwenyewe ashikilia kuwa ana miaka 86. Mwaka huu wa 2025 hesabu haziingiani. Nataka kumwandikia maisha yake. Nishike umri upi, na nianzie wapi?
— Mhudumu, Maweni

JIBU: Hakuna anayedanganya hapo. Bibi huenda anahesabu kwa miezi miandamo, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11. Miaka 86 ya Hijria ni kama 83 na miezi kadhaa ya kalenda ya kawaida, na hiyo yarudi pale pale kwenye 1942. Hata hivyo, mwaka wa kitambulisho usiukumbatie sana: wazee wengi walikisiwa tu siku ya kuandikishwa.

Kwa hivyo acha umri, mpangie maisha kwa matukio. Muulize kama mahari yake yalihesabiwa kwa fedha za zamani, zile zenye senti zilizotobolewa katikati, au kwa shilingi ya Kenya iliyotoka 1966. Je, mvua kubwa za 1961 zilimkuta mwari au ameshaolewa? Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipoondoka Pwani mnamo Desemba 1963, alikuwa Amu au Malindi? Wataliani waliporusha satelaiti ya Uhuru kutoka Ngomeni, 12 Desemba 1970, alikuwa na watoto wangapi? Mzee Kenyatta alipofariki, Agosti 1978, kitinda mimba wake alikuwa anatambaa au ameanza chuo cha Kurani? Majibu matano ya namna hiyo hukupa mwaka wa ndoa bila kumbana mtu.

Pepo nazo ni shahidi. Akisema aliletwa Malindi kwa jahazi, muulize msimu. Kutoka Amu kuja huku chombo hufuata kaskazi, ambayo huvuma kati ya Desemba na Machi. Akikwambia ilikuwa kusi, upepo wa kutoka kusini, usimkatalie. Uliza tena taratibu. Pengine safari hiyo ilikuwa ya kurudi Amu, au alikuja kwa lori na jahazi ni la safari nyingine.

Kuhusu pa kuanzia, usifungue na “ulizaliwa lini”. Swali hilo ni la ofisi na litajibiwa kiofisi. Muamkie shikamoo, keti chini kuliko yeye, kisha umpe kazi ya mikono aliyoizoea. Kama alikuwa msusi wa mikeka, mpelekee miyaa (majani ya kusukia) iliyokwisha kuchanwa, ilowe kidogo isimkatikie. Ukili, ule utepe unaosukwa, ukifika kama shubiri utaona vidole vimetangulia na ulimi umefuata: nani alimfunza, miyaa ilitoka wapi, mkeka wa kwanza alimpa nani. Hapo ndipo uwashe simu, kama alikwisha kukuruhusu kumrekodi.

SWALI: Nimerekodi mara tatu kwa simu, na kila mara nasikia kishindo na upepo kuliko sauti ya babu. Ninakosea wapi?
— Msomaji, Barani

JIBU: Simu umeilaza juu ya meza tupu, na panka linazunguka. Kunja leso mara nne, weka simu juu yake, mdomo wa simu umwelekee babu, umbali wa shubiri mbili. Zima panka, iweke simu katika hali ya ndege, na uepuke chumba cha bati siku ya mvua. Wakati mzuri ni baada ya chai ya asubuhi, saa tatu hadi saa nne. Jioni wazee wengi huchoka, na wenye ugonjwa wa kusahau huzidi kuchanganyikiwa. Dakika 40 zinatosha. Utakapoketi kuandika, saa moja ya mazungumzo itakula saa nne hadi sita za kazi, kwa hivyo usijirundikie rekodi kumi kabla hujaandika hata moja.

SWALI: Nikimwandika bibi wa Kiamu, nisanifishe maneno yake, yaani niyageuze Kiswahili sanifu?
— Mhudumu yule yule wa Maweni

JIBU: La. Akisema mato (macho), kitwa (kichwa), nti (nchi), andika hivyo hivyo, na maana uiweke pembeni. Mhudumu aliyetoka bara anahitaji sana hiyo pembeni: bibi wa Kiamu akiita “ndoo!” anakwambia njoo, hakuagizi chombo cha maji. Akisimulia jambo moja kwa namna mbili, andika zote mbili pamoja na tarehe uliyozisikia. Kumsahihisha mbele ya watu kutamnyamazisha.

SWALI: Babu mmoja amenieleza alivyofukuzwa kwao kwa kuitwa mchawi, na amewataja waliomtoa. Sasa wanawe wanataka nakala ya rekodi. Niwape?
— Mhudumu, karibu na Sabaki

JIBU: Usiwape mpaka yeye aseme. Rekodi ni maneno yake, hata kama mwana ndiye anayemnunulia dawa. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa shamba, na majina yakitoka yanaweza kumhatarisha yeye au jamaa aliyebaki kijijini. Mwulize mkiwa wawili, na jibu lake ulirekodi mwanzoni mwa faili: nani asikie, nini kikatwe, na baada ya kufa kwake iwe vipi. Anaweza kugeuza nia wiki ijayo, nawe umfuate. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu na makao pia, kwa hivyo rekodi isipite WhatsApp ya wahudumu.

Kwa huduma ya kila siku toa karatasi moja tu, bila kisa cha kufukuzwa: jina analopenda kuitwa, kazi aliyofanya, chai yake ina sukari kiasi gani, sikio linalosikia, anaswali wakati gani, na neno lisilofaa kutajwa mbele yake bila kueleza sababu. Ibandike upande wa ndani wa mlango wa kabati lake. Ukutani kila mgeni ataisoma.