Maswali ya wasomaji: Mizani tatu zinazokataliwa na seva

SWALI: Habari za kazi. Tuna mizani 25 za kielektroniki kwa wanunuzi wa mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Kila moja ina ufunguo wake wa baiti 32 uliotengenezwa kwa RAND_bytes (fanksheni ya baiti za nasibu), na hutuma uzito kwenye seva iliyoko Dodoma mjini pamoja na HMAC-SHA256, yaani muhuri unaokokotolewa kwa ufunguo huo ili seva ijue ujumbe ni halali. Kwenye mizani nimetumia C na OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), kwenye seva Python. Mizani 22 hazina shida. Tatu zinakataliwa kila ujumbe tangu siku ya kwanza. Nimebadilisha laini, nimebadilisha hadi bodi, wapi! Mstari wenyewe ni huu:

HMAC(EVP_sha256(), ufunguo, strlen((char *)ufunguo), data, n, muhuri, &m);

Safu ya ufunguo ina baiti 33, ya mwisho nimeiweka sifuri.
Fundi wa mizani, Kibaigwa

JIBU: Fundi, rudisha zile bodi za zamani, hazina kosa. Mkosaji ni strlen. Fanksheni hiyo huhesabu mpaka ikutane na baiti ya sifuri, kwa sababu ilitengenezewa maandishi. Ufunguo wa nasibu si maandishi: sifuri inaweza kuangukia popote ndani yake. Ikiwa ya kumi, strlen inasema urefu ni 9, mizani inapiga muhuri kwa baiti 9, na seva inatumia zote 32. Haziwezi kukutana.

Hata idadi yako inasema hivyo hivyo. Uwezekano wa kupata sifuri kwenye baiti 31 za mwanzo ni kama asilimia 11, yaani karibu ufunguo mmoja kati ya tisa. Kwa mizani 25, tatu ndizo za kutarajia. Tumesema 31 makusudi. HMAC hujaza sifuri mwishoni mwa ufunguo mpaka ufike baiti 64, ambazo ndizo ukubwa wa bloku ya SHA-256. Kwa hiyo ufunguo ambao sifuri yake pekee ni ile ya mwisho hutoa muhuri sahihi hata ukihesabiwa 31, na kosa linajificha.

Weka 32 mahali pa strlen, yatakwisha. Ila kagua pia kama kuna ufunguo unaoanza na sifuri. Huo ungehesabiwa kuwa na urefu 0, na muhuri wa ufunguo mtupu anaweza kuukokotoa mtu yeyote. Seva yako ingeukataa, lakini kama nayo ingeandikwa kwa C na mtindo huo huo, ingeupokea bila kuguna.

Kabla ya kurudi sokoni, jaribu kwa mfano wa RFC 4231, hati ya mifano ya kupimia HMAC: ufunguo ni baiti 20 zote 0b (kwa heksadesimali), ujumbe ni "Hi There", baiti 8 bila mstari mpya. Jibu la SHA-256 linaanza na b0344c61 na kuishia 2e32cff7. Mfano huo lakini hauna sifuri, kwa hiyo msimbo wako wa sasa ungefaulu vizuri tu! Ongeza jaribio lako lenye 00 katikati ya ufunguo, ulinganishe na hmac.new ya Python. Ukitumia amri ya openssl dgst, ipelekee ujumbe kwa printf. Wengi hutumia echo, ambayo hubandika mstari mpya (0a) mwishoni, kisha wanashinda mchana kutwa wakilaumu maktaba.

SWALI: Tumehamia OpenSSL 3.0, sasa kompaila inalalamika kwamba HMAC_CTX_new na HMAC_Init_ex zimepitwa na wakati. Lazima niandike upya?
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Ujumbe ukiwa mzima kwenye kumbukumbu, tumia HMAC() ya mkupuo mmoja, hiyo haikuguswa na onyo. Usiipe NULL mahali pa kupokelea jibu: itaandika kwenye safu yake ya pamoja, na nyuzi (threads) mbili za programu zikiita kwa wakati mmoja zitaharibiana.

Ujumbe ukija vipande vipande, hamia EVP_MAC, fanksheni mpya za OpenSSL za kupiga mihuri. Anza na EVP_MAC_fetch yenye jina "HMAC", fanya mara moja tu programu inapowaka maana ni nzito. Kisha EVP_MAC_CTX_new, EVP_MAC_init, EVP_MAC_update kwa kila kipande, na EVP_MAC_final. Wanaokwama hukwama kwenye init: wanasahau kigezo cha "digest" chenye thamani "SHA256", au hawafungi orodha ya vigezo kwa OSSL_PARAM_construct_end. Kagua kila jibu. Kwa init, update na final, 1 ni sawa, 0 ni kosa; fetch na CTX_new zikishindwa hurudisha NULL.

SWALI: Nalinganisha mihuri kwa memcmp, fanksheni ya C ya kulinganisha baiti. Nimeambiwa si salama. Na mtu akinasa ujumbe wa mizani na kuutuma tena kesho?
Msomaji, Manyoni

JIBU: memcmp inaweza kuacha kazi mara inapoona tofauti, na muda wake ukampa mdukuzi dokezo la baiti ngapi amepatia. Tumia CRYPTO_memcmp, ikirudisha 0 ni sawa. Linganisha kwanza urefu, lazima uwe 32. Na strcmp usiiguse kabisa, nayo huishia kwenye baiti ya sifuri, inarudia ugonjwa wa fundi wa Kibaigwa.

Ujumbe uliorudiwa HMAC haiuoni, kwa sababu muhuri wake ni halali. Ndani ya data inayopigwa muhuri tia namba inayopanda kila ujumbe, na seva ikatae isiyozidi ya mwisho iliyopokea. Namba hiyo ihifadhiwe mahali pasipofutika umeme ukikatika, la sivyo mizani ikiwaka upya itaanza na 1 na kukataliwa yenyewe. Tenganisha pia sehemu za data kwa alama au urefu maalumu: mizani 1 yenye kilo 290 na mizani 12 yenye kilo 90, zikiunganishwa hivi hivi, zote ni 1290, na muhuri ni ule ule kama zinatumia ufunguo mmoja. Lumbesa, hiyo itabaki kazi ya wakala wa vipimo.