Lori linakata nguvu kwenye baridi kali: angalia filta ya dizeli

Ndugu, lori likiwaka vizuri asubuhi ya nyuzi -20 huko Minnesota halafu likakata nguvu baada ya dakika chache, usikimbilie kubadilisha pampu. Dizeli namba 2 (ile ya kawaida) isiyotiwa dawa ya kuzuia kuganda hutoa chembe za nta kwenye baridi hiyo, nazo hunasa kwenye filta kwanza.

Hita ya injini unayochomeka ukutani usiku hupasha maji ya injini tu. Filta inabaki baridi vilevile. Funga hita ya filta yenyewe: mkanda wa umeme unaozungushwa kwenye kopo la filta, wenye relei (swichi ya umeme) na fyuzi yake. Uwashe kama dakika 10 kabla ya kupiga stata. Hita ya filta inayotumia maji moto ya injini ni nzuri ukiwa safarini, lakini haisaidii kuwasha.

Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta kila siku, maana yenyewe huganda kabla ya nta. Dawa ya kuzuia kuganda itie kabla baridi haijaingia, ukiwa unajaza tangi. Mafuta yakishaganda haichanganyiki. Na tafadhali, usipashe filta kwa moto wa gesi.