Maumivu ya tako na mguu wakati wa kutembea
Bi Mkubwa, umeeleza kwamba ukirudi kutoka sokoni Chake Chake maumivu huanzia takoni yakateremka hadi kwenye shavu la mguu. Angalia kwanza yanavyopoa: yakitulia kwa kusimama tu, bila ya kukaa, huenda mishipa ya damu imeziba, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji wa sigara; lakini yakitulia pale tu unapokaa au unapoinama, kama mtu anayesukuma baiskeli, huenda njia ya neva (mishipa ya fahamu) kwenye uti wa mgongo imesongeka. Yanayochoma kama umeme na kuzidi ukikohoa mara nyingi hutokana na diski, yaani kitu laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo, iliyobana neva. Nakusihi usikubali kukandwa kwa nguvu kabla daktari hajakupima mapigo ya damu miguuni. Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.