Mume Mpemba, watoto watatu, shule inadai vyeti: nianzie wapi?

SWALI: Asalaam alaykum wakili. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mume wangu ni Mpemba, mvuvi, raia wa Tanzania. Tulifungishwa ndoa na sheikh wa msikiti hapa Mayungu mwaka 2015, cheti hatukuchukua. Tunalea watoto watatu. Mkubwa ana miaka 12, ni wa mume wangu na mkewe wa mwanzo, marehemu. Alizaliwa Pemba na wazazi wake wote ni wa huko. Wa pili ana miaka 8, nilijifungua Wete, huko Pemba, nilipokuwa kwa wakwe zangu. Mdogo ana miaka 5, alizaliwa hapa nyumbani kwa mkunga. Mwalimu mkuu amemrudisha mkubwa, anasema hana cheti cha kuzaliwa. Kuna mtu ameniambia nimwandikishe tu kama nimemzaa mimi. Mume wangu anaogopa kukanyaga ofisi yoyote asije akakamatwa. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kabla ya yote, huyo mkubwa arudi darasani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na chakula, makazi na matibabu. Hakikusema mtoto wa raia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi. Mwalimu mkuu ana shida yake ya kweli, kwa kuwa mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi unadai namba ya cheti. Lakini karatasi zinaweza kutafutwa huku mtoto akisoma. Mwombe kwa adabu akupe barua yenye sababu ya kumrudisha, kisha ipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa afisa wa watoto. Akikataa kuandika, nenda hivyo hivyo ukaeleze.

Sasa tuje kwenye vyeti. Hawa wanakula sinia moja, lakini mbele ya sheria kila mmoja ana mlango wake, na ukiwapitisha wote mlango mmoja utawaharibia.

Mdogo ni rahisi. Ni Mkenya wa kuzaliwa kwa sababu wewe mama yake ni Mkenya. Kifungu cha 14 kinatosheka na mzazi mmoja, awe baba au mama. Kilichobaki ni kuandikisha kuzaliwa kwake. Muda wa kawaida ni miezi sita, baada ya hapo unaandikisha kwa kuchelewa. Anza kwa naibu wa chifu, kwa kuwa mtoto alizaliwa nyumbani, ukiwa na kipande chako (kitambulisho), kadi ya kliniki ya mtoto na ikiwezekana yule mkunga mwenyewe. Kisha mnaingia kwa msajili wa vizazi na vifo. Mume wako si lazima aje siku hiyo. Jina lake kama baba linaweza kuingia ukionyesha uthibitisho kwamba mmeoana kisheria, na ndiyo maana suala la cheti cha ndoa nitalirudia hapo chini.

Wa pili pia ni Mkenya wa kuzaliwa, ingawa hakuzaliwa Kenya. Hapa watu wengi wa pwani bado wanashika sheria ya zamani, ambayo mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kwa baba peke yake. Katiba ya 2010 iliyaondoa hayo. Cheti chake kinatoka Zanzibar, kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii; wakwe zako wanaweza kukifuatilia hapo Wete. Usimtafutie cheti cha Kenya kinachosema alizaliwa Malindi. Uraia wake unathibitishwa na cheti hicho cha Zanzibar chenye jina lako, pamoja na kipande chako. Ujue pia kwamba yeye na mdogo wake ni Watanzania kwa upande wa baba. Kenya inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, kwa hiyo wakifika miaka 18 watatakiwa kuchagua.

Mkubwa ndiye aliyenifanya nikae na barua yako muda mrefu. Huyo mtu aliyekushauri umwandikishe kama umemzaa wewe, usimsikilize. Kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na kesi itakuwa yako, wala si yake. Kubwa zaidi ni mtoto mwenyewe. Cheti hicho kitamfuta mama yake mzazi. Kesho akidai fungu lake katika urithi wa mamake huko Pemba, karatasi zake mwenyewe zitamkana. Na sisi Waislamu tunajua dini ilivyokataza kumnasibisha mtoto na asiye mzazi wake. Kumpenda unampenda, hilo linaonekana katika barua yako, na upendo huo hauhitaji cheti cha uongo.

Yeye ni Mtanzania, na anaweza kuishi na kusoma hapa kihalali. Apatiwe cheti chake cha Zanzibar, cheti cha kifo cha mama yake, na pasipoti ya Tanzania. Kisha aombewe Uhamiaji pasi, yaani kibali cha kukaa nchini, ya mwanafunzi au ya mtegemezi. Njia ya uraia ipo pia: kifungu cha 15 kinasema mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Lakini kuasili ni kesi ya Mahakama Kuu na hubadilisha nasaba ya kisheria, kwa hiyo familia nyingi za Kiislamu hazitaki. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, malezi ya Kiislamu yasiyogusa nasaba, ila hiyo imewekewa mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake. Wenu ana baba yake nyumbani. Kwa maoni yangu, pasi inawatosha kwa sasa.

Siwezi kukuambia mumeo hana la kuogopa. Kukaa nchini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Lakini kujificha hakumsaidii, na ana haki ambazo hajazidai. Aliyeoana na Mkenya miaka mitatu anaweza kuomba makazi ya kudumu. Aliyeoana miaka saba ana haki ya kuomba uraia. Ningemshauri aanze na makazi ya kudumu, kwa sababu akichukua uraia wa Kenya atapoteza wa Tanzania. Wala asidhani mambo yalimalizika mwaka 2023, Wapemba walipotambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya. Hatua ile ililenga familia zilizoishi hapa vizazi kwa vizazi bila uraia, si mtu ambaye ni raia wa Tanzania waziwazi. Aende Uhamiaji akiwa na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawahudumia wasio na uwezo, na imewataja watoto, wakimbizi na wasio na utaifa sambamba na raia, kwa hiyo hata mkubwa wako yumo. Akikamatwa kabla ya hapo na mtoto akachukuliwa pamoja naye, piga 116, namba ya bure ya watoto. Katiba inasema mtoto asizuiliwe ila pale pasipo na njia nyingine.

Basi wiki hii nenda kwa Kadhi wa Malindi, pamoja na mumeo, sheikh aliyewaozesha na mashahidi wa siku ile kama wapo, mkaombe ndoa iandikishwe. Bila cheti hicho, hiyo miaka tangu 2015 hamtaweza kuithibitisha, na jina la baba kwa mdogo litaleta maswali. Hakikisheni tarehe inayoandikwa ni ile ya nikaha yenyewe, si ya siku mliyokwenda ofisini, na mtoe nakala kabla ya kuondoka mjini.