Simu sipokei, na sababu nakuambia

Mdogo wangu, umeandika kwamba huku ughaibuni hakuna stresi: mtu analala ndani kuna hita, mshahara unaingia kwa wakati, sasa nina nini hata simu sipokei? Maneno hayo yaliniudhi. Nakujibu kabla hasira haijakaa moyoni.

Ya baridi na makaratasi umeshayasikia kwa wengine. Mimi nakueleza simu. Ikilia nimelala, kabla sijaona nani anapiga, moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, tumbo linakaza. Hiyo ni adrenalini, homoni ya mshtuko, na nyuma yake inafuata kortisoli, homoni nyingine ya stresi. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, nami niko kitandani, hakuna wa kumkimbia. Mara mojamoja haidhuru, ndivyo tulivyoumbwa. Shida ni ikiwa kila siku: ada, matibabu, mchango, deni la fulani. Mtafiti mmoja, Hans Selye, aliliandika jambo hili mwaka 1936 baada ya kuchunguza panya: mwili unashtuka, kisha unastahimili, na ukilazimishwa kustahimili mno, unaishiwa nguvu. Mnaponisifu kwamba nastahimili, mjue ninapoelekea.

Usingoje kulia ndipo ujue umezidiwa. Utaamka taya zinauma kwa kusaga meno. Utasoma ujumbe mmoja mara tatu usiuelewe. Utamfokea mtu aliyekuuliza saa tu. Shingo inakaza, tumbo linavurugika, chakula hukitaki au unakula bila kushiba. Na usingizi ndio wa kuulinda kuliko vyote! Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, lakini sisi wa zamu ya usiku tunautafuta mchana, wakati mwanga unauambia ubongo uamke. Kahawa ya kumalizia zamu, hata zikipita saa 5 hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini yake, ile inayokuweka macho, bado imo mwilini. Wengine wanakunywa pombe ili walale. Wanalala kweli, kisha wanashtuka katikati na hawapumziki. Usiizoee.

Mimi nimejiwekea tarehe moja ya kutuma pesa, na kiasi kimoja. Anayeomba katikati ya mwezi namwambia sina, basi. Kujieleza sana kunachosha kuliko kunyimana. Nikihisi moyo unakwenda mbio natoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninayovuta, mpaka mabega yashuke. Kazini naenda kwa miguu. Nikilala, simu naiondoa mlio.

Lakini mama akiugua, piga! Piga saa yoyote. Namba yako na yake nimeziruhusu zilie hata nikiwa nimelala, na hela itapatikana, tarehe au si tarehe. Kutuma nataka, elewa hilo. Niliondoka nikawaachia nyinyi kazi ya kumuuguza, na hilo halinitoki.

Kuja usije, kama unakimbia mawazo. Yatapanda ndege na wewe. Ukiamua kuja, njoo, nitakupokea kwa mikono miwili, ila mshahara wako usimtajie mtu. Na hata huko uliko, ukikosa usingizi wiki baada ya wiki nenda kwa daktari. Ukianza kuwaza kufa, nenda siku hiyohiyo, na mimi nipigie.

Hukuniambia wewe mwenyewe unalalaje siku hizi. Nijibu hilo kwanza, ya viza tutaongea baadaye.