Hesabu haianzi usiku ule

Kabla sijazigusa barua za wiki hii, narudia jambo nililokwisha kulisema hadi sauti ikakauka: ninachotaka ni siku ya KWANZA ya hedhi yako ya mwisho. Siyo siku uliyomaliza, wala siku ulipoanza kutapika. Anayeniandikia “nina mimba, nitajifungua lini?” bila tarehe yoyote ananiomba nipige ramli, na kazi hiyo siijui.

Shikamoo mkunga. Nilimaliza siku zangu tarehe 15 Machi. Nitajifungua lini?

Marahaba. Haya, tumeanza. Ulizianza lini? Kama kawaida yako ni siku tano, basi ulianza tarehe 11. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, unapata 18 Desemba. Hiyo ndiyo kanuni ya Naegele, daktari wa uzazi wa Ujerumani wa karne ya 19, na wakunga tunaifanya kwa vidole hadi leo. Programu ya simu itakuambia 16 Desemba kwa sababu yenyewe inahesabu siku 280 kamili, na miezi haina siku sawa. Usije kuniandikia tena kuuliza nani kakosea. Siku mbili hapa si kitu.

Nilirudi safari wiki nne na siku mbili zilizopita. Kipimo cha mke wangu kinasema mimba ina wiki 6 na siku 1. Hizo wiki mbili za mwanzo mimba ilikuwa ya nani?

Haikuwa ya mtu, kaka, kwa sababu haikuwepo. Swali hili nalipata kila mwezi, na kila mwezi kuna mwanamke anayelala akilia kwa sababu ya hesabu ambayo mumewe hakuielewa.

Sikiliza. Siku yai liliporutubishwa hakuna aliyeiona, lakini siku damu ilipoanza mwanamke anaijua. Kwa hiyo duniani kote umri wa mimba huhesabiwa kuanzia damu, yaani takriban wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Hata anayepima kwa ultrasaundi, bila kuuliza hedhi, mashine yake imepangwa kusoma kwa hesabu hiyo hiyo. Toa wiki mbili kwenye 6 na siku 1: unabaki na wiki 4 na siku 1. Wewe mwenyewe umeniambia ulirudi lini. Nenda kamwombe radhi mkeo, na kama ulishawapigia simu ndugu zako, wapigie tena.

Nilikuwa na wanaume wawili, wakipishana siku tatu. Nisaidie kujua mimba ni ya nani kwa tarehe.

Haiwezekani. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai mwilini mwako hadi siku tano, kwa hiyo wa kwanza na wa pili wote wamo. Tarehe ya kukutana siyo tarehe ya kutunga. Jibu liko kwenye kipimo cha DNA. Anayekuambia anaweza kukufichulia kwa kalenda anataka hela yako.

Mzunguko wangu ni siku 35. Naongeza nini?

Wiki moja. Kanuni imejengwa juu ya siku 28, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA. Kwako ni kama siku ya 21, siyo ya 14. Wenye mizunguko ya leo 26, kesho 40, acheni kujisumbua na hesabu. Pimeni mapema.

Kipimo cha wiki ya 9 kilinipa 12 Juni. Cha juzi, nikiwa na wiki 34, kimenipa 28 Juni. Nifuate kipi?

Cha kwanza. Nimeonyeshwa kadi ya kliniki yenye tarehe tatu, mbili zimekatwa kwa kalamu nyekundu na ya tatu imebanwa pembeni kwa herufi za kujificha. Kila aliyeipokea kadi ile aliamini mashine ya mwisho, kama vile mpya lazima iwe bora.

Katika miezi mitatu ya mwanzo tunampima mtoto kutoka kichwani hadi makalioni, na wakati huo watoto hukua karibu sawa. Kosa ni siku 5 hadi 7. Baadaye kila mmoja anafuata mwili wake, kuna wakubwa na wadogo, na kufikia miezi mitatu ya mwisho makadirio yanaweza kuteleza hata wiki tatu. Kipimo chako cha juzi kimesema mtoto ana UKUBWA fulani, hakijasema ana umri gani.

Na hapa ndipo ninapoogopa. Mtoto asiyekua vizuri tumboni huonekana mdogo kuliko wiki zake. Ukisogeza tarehe mbele ili ifanane na udogo wake, umelifuta tatizo kwenye karatasi na kuliacha tumboni. Peleka vipimo vyote viwili kwa daktari, umwulize waziwazi: je, mtoto wangu anakua?

Nanyonyesha, sijaona hedhi tangu nijifungue, na kipimo cha mkojo kimetoka chanya. Inawezekana?

Ndiyo. Yai hutangulia damu. Kwa kuwa huna tarehe ya kuhesabia, nenda kwenye ultrasaundi wiki hii, usingoje tumbo lionekane.

Tarehe yangu ilikuwa juzi. Sina uchungu. Nimeshauriwa ninywe dawa ya kuuharakisha.

Usinywe. Ni kama mtoto mmoja kati ya ishirini anayezaliwa siku yenyewe iliyoandikwa. Kuanzia wiki 37 hadi kabla ya 42 ni muda wake. Dawa ya uchungu isiyopimwa, ukiwa nyumbani, inaweza kukaza kizazi hadi kichanike. Hudhuria kliniki, na ukikaribia wiki 41 mzungumze kuhusu kuanzishiwa uchungu hospitali. Lakini mtoto akipunguza kucheza, ukiona damu, au maji yakimwagika, usihesabu chochote. Nenda usiku huo huo, na kadi mkononi.