Baba anasema wataalamu hawajaafikiana

Marahaba, binti yangu.

Unasema baba yako anamaliza pakiti nzima kwa siku, asubuhi anakohoa mpaka anashika ukuta, na mkimgusia sigara anajibu: “Hata wataalamu wenyewe hawajaafikiana.” Kaka zako wanamwita mbishi. Nakuomba wewe usimwite hivyo, maana maneno hayo hakuyatunga yeye.

Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza na Marekani walichapisha uchunguzi uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani wakakutana hotelini New York, na Januari 1954 wakalipia tangazo la ukurasa mzima katika magazeti zaidi ya 400: uthibitisho haupo, tutagharamia utafiti. Hapo ndipo penye ujanja. Mvutaji hakuhitaji kuaminishwa kwamba sigara ni dawa. Ilitosha aseme “ngoja kwanza”, huku akiwasha nyingine. Waraka wa ndani wa kampuni moja, wa 1969, unatamka wazi: “Shaka ndiyo bidhaa yetu.” Mwaka 2006 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo mingi. Baba yako ni mteja wa bidhaa hiyo pia, na inaniuma.

Kwa hiyo usimrushie takwimu. Atakujibu kwa neno lile lile, na hasira zitampeleka kwenye kiberiti. Kaa naye mkiwa wawili tu, kabla hajawasha. Msomee maneno yale ya 1969, kisha muulize: “Baba, shaka hii ilimfaidi nani?” Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi hapo huanza kuhubiri, na mzee akajifunga.

Akilegea, achague mwenyewe siku ya kuacha, isizidi wiki mbili mbele, na aulizie kituo cha afya bandiko la ngozini au chingamu ya nikotini, vya kutuliza hamu ya sigara. Siku 3 za kwanza ndizo kali: hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Kikohozi nacho huweza kuzidi kwa muda mapafu yanapojisafisha. Mwambieni mapema, la sivyo atadhani kuacha ndiko kunakomuumiza.

Ila kikohozi cha sasa kisingoje mazungumzo hayo. Kama kimepita wiki 3, apimwe. Akitoa damu, mpelekeni siku hiyo hiyo.